Siku Vyombo Vyote Vilipopimwa Kwemfinga

Serikali ilipouza kiwanda cha chai cha Kwemfinga, huku juu ya Mlola, wenye kampuni mpya walikuja na gari jeupe, wakawaita watu wa ofisini mmoja mmoja na kuwauliza swali moja tu la maana: unajua kompyuta? Wapiga chapa walikuwa wanne. Watatu walisema ukweli, wakapewa mkono wa kwaheri. Wa nne alikuwa Rahabu Shemweta, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko kumwambia mgeni msumbufu kwamba mzee hayupo. Rahabu alijibu, "Ninaifahamu."

Kompyuta alikuwa ameiona mara moja tu, Tanga mjini, dirishani mwa duka, ikiwa imezimwa.

Hatukumlaumu. Miaka ile kila mtu alikuwa anasema anafahamu kitu. Waliokuwa walinzi walisema ni madereva, waliokuwa madereva walisema ni mafundi. Mimi mwenyewe nilikuwa chumba cha kuchambua chai, na nilipoulizwa kama najua kuonja, nilisema nimeonja tangu utotoni, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa namna yake.

Kompyuta ilipofika, ililetwa na Yassin, mtaalamu kutoka Tanga, mtu mpole mwenye sweta mbili alizozivaa kwa pamoja kwa sababu ya baridi yetu. Alikuja na programu ya kutunza tarehe za ukaguzi. Kampuni ilikuwa na viwanda kadhaa, na huko Dar es Salaam walitaka kujua kila chombo cha hatari kinapimwa lini: boila, valvu zake, pampu ya maji ya moto, mitungi ya kuzimia moto, king'ora, mizani, breki za lori, hata machela ya zahanati. Ukishaiambia programu kwamba chombo fulani kilipimwa tarehe fulani na kinatakiwa kupimwa kila mwaka, yenyewe inahesabu na kukukumbusha. Chombo kikiwa salama kinaonekana kijani. Siku zikikaribia, kinakuwa cha njano. Zikipita, kinakuwa chekundu, na pembeni yake linatokea neno la Kiingereza la kusema muda umepita, ambalo sisi tulilisikia kama ovadyuu.

Tatizo lilianza kwenye swali la kwanza. Yassin alikaa na Rahabu ofisini, wakamwita fundi mkuu, Bartholomeo. Huyu alikuwa mzee wa Kikatoliki kutoka Mahenge, aliyekuja Kwemfinga kijana na kuoa huku huku. Aliifahamu boila kama mtu anavyomfahamu ng'ombe wake mkorofi, na hakupenda mtu mwingine aiulizie habari.

"Boila ilipimwa mara ya mwisho lini, mzee?" Yassin aliuliza.

"Alipokuja yule Mjerumani."

"Alikuja lini?"

"Kabla barabara haijakatika."

"Ilikatika mwaka gani?"

Bartholomeo akafikiri. "Imekatika mara nyingi," alisema.

Kwa mitungi ya moto ilikuwa hivyo hivyo. Mizani, Bartholomeo alisema, haijawahi kulalamikiwa na mtu mwenye akili. Jioni ilipokaribia, Yassin akachoka. Aliweka tarehe ya siku ile, Aprili, kwa vyombo vyote, kusudi programu iweze kuendelea. Kisha akamgeukia Rahabu.

"Mama, hizi ni tarehe za muda tu. Utazirekebisha kidogo kidogo, kila chombo kwa nafasi yake. Sawa?"

"Sawa," alisema Rahabu. Wakati huo alikuwa anahangaika na kipanya, ambacho kilikuwa kimefika ukingoni mwa meza, na yeye akidhani ameiharibu mashine. Hilo la tarehe za muda lilimwingia sikio hili likatokea la pili. Kesho yake Yassin akateremka zake na sweta zake.

Ule mwaka ulikuwa mtamu. Rahabu aliitengenezea kompyuta kitambaa cha kufuma, chenye maua pembeni, na kila asubuhi alikifunua, akasubiri mashine iamke, akatazama. Kijani juu mpaka chini. Kila mwezi alituma disketi Dar, na siku moja barua ya pongezi ikaja: kati ya viwanda vyote, Kwemfinga ndicho pekee kisicho na doa. Meneja wetu, Bwana Timotheo, mtu wa suti na haraka, aliitia barua ile kwenye fremu. Alikuwa hajapata kusifiwa na mtu tangu kiwanda kiuzwe, na sifa zilimkaa vizuri. Alianza kutembea kiwandani mikono nyuma.

Neno ovadyuu nalo lilishuka kutoka ofisini likaingia kijijini. Msichana akichelewa kuolewa, ana ovadyuu. Mchungaji akirefusha mahubiri, ibada ina ovadyuu. Modesta, mpishi wa kantini, alilipenda neno hilo kuliko wote, na mtu akija kula nje ya wakati alimwambia bila kugeuka kwamba tumbo lake lina ovadyuu, arudi kesho.

Kisha Machi ikafika. Asubuhi moja Rahabu alifunua kitambaa, mashine ikaamka, na skrini yote ilikuwa ya njano kama shamba la alizeti. Alikirudisha kitambaa. Akanywa maji. Akakifunua tena.

Alikwenda kwa Bartholomeo, akamkuta chini ya mashine ya kukaushia, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," miguu ilijibu.

"Baba, vyombo vyote vinatakiwa kupimwa mwezi ujao. Siku moja."

Miguu ilitulia. Halafu Bartholomeo akatoka, akajifuta mikono taratibu sana. "Siku moja? Boila pia? Aprili, majani yanapofurika?"

"Ndivyo mashine inavyosema."

"Iambie hapana."

Rahabu alijaribu kuiambia hapana. Programu ilikubali kusogeza tarehe, lakini kwanza ilifungua kisanduku kidogo na kutaka sababu, na sababu hiyo ingekwenda na disketi hadi Dar. Wote wawili walikaa mbele ya kisanduku kile.

"Andika mvua," alisema Bartholomeo.

"Mvua inazuiaje kupima mizani?"

"Basi andika ugonjwa."

"Wa nani?"

Bartholomeo alitazama dirishani. "Wa mizani," alisema, lakini hata yeye hakuridhika.

Mwishowe walikwenda kwa meneja. Bwana Timotheo aliwasikiliza huku macho yake yakienda kwenye ile fremu ukutani. Alisema hakuna kusogeza. Akisogeza kimoja, kuna doa. Akisogeza vyote, kuna maswali. "Vipimwe vyote siku hiyo," aliamua. "Siku moja ya taabu, mwaka mzima wa raha." Rahabu alitaka kusema kitu, lakini ukishasema unaifahamu kompyuta, ni vigumu kuanza kuuliza maswali baada ya mwaka mzima. Akaenda kuchapa orodha ya vyombo.

Siku ikafika, Alhamisi ya mvua za rasharasha. Boila ilikuwa imezimwa tangu jana yake ili ipoe. Alfajiri mitungi yote ya kuzimia moto iling'olewa ukutani, ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa Tanga kujazwa upya. Bartholomeo alimwagiza dereva azijaribu breki kwenye kona za mteremko wa Soni, na kama hatarudi, tutajua majibu. Pampu ya maji ilifunguliwa na vipande vyake vikatandazwa juu ya gunia, skrubu kwa skrubu. Mpira wa maji ulinyooshwa uwanjani uangaliwe kama umetoboka. Mkaguzi wa mizani alifika na mawe yake ya uzito, akaufunga mlango wa mapokezi ya majani, na wachumaji walioanza kurudi na matenga ya majani mabichi wakaambiwa wasubiri nje.

Kisha kikaanza king'ora. Kilitakiwa kujaribiwa kutoka kila swichi, na kila kikilia tulitakiwa kukimbilia uwanja wa mpira, tuhesabiwe. Mara ya kwanza tulikimbia. Mara ya pili tulitembea. Selemani wa stoo, aliyechaguliwa kuwa mgonjwa kwa sababu ya uzito wake, alifungwa mikanda kwenye machela na kubebwa hadi golini, ambako aliomba aachwe apumzike, na kwa kweli alisinzia. Mara ya tatu watu walikuja na vikombe vyao vya chai wakakaa kwenye nyasi, na hakuna aliyeinuka tena.

Rahabu alikuwa anazunguka na karatasi aliyoichapa, akiweka alama. Kwa mara ya kwanza tangu Machi alionekana mwenye furaha.

Modesta siku ile alikuwa anapika makande ya watu wote, kwa sufuria kubwa kuliko kawaida na moto mkubwa kuliko kawaida. Kantini yake ilikuwa jirani na banda la kuni za boila, na kati ya hivyo viwili, chini ya upenu, kulikuwa na rundo la magome makavu ya mikaratusi. Boila ikiwa inafanya kazi, magome yale huchomwa humo kila siku. Siku ile yalikuwa yamerundikana. Cheche ikaruka. Modesta aligeuka kuchukua chumvi, akageuka tena, akaona magome yanawaka.

Alikuja mbio hadi uwanjani, mwiko mkononi. Bartholomeo alikuwa amesimama pale na filimbi, ndiye msimamizi wa zoezi.

"Baba, moto," alisema Modesta.

"Vizuri," alisema Bartholomeo. "Lakini zamu yako ya kutoa taarifa ya zoezi ilikuwa asubuhi."

"Moto unawaka, baba."

"Ndivyo unavyotakiwa kusema. Unawaka wapi?"

"Kwenye magome. Umeshika banda."

Bartholomeo alimgeukia meneja. "Huyu amejifunza," alisema, na Bwana Timotheo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Modesta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akampiga fundi mkuu begani kwa mwiko wa makande, jambo ambalo halikuwamo katika zoezi, na Bartholomeo akainua macho, akaona moshi.

Rahabu aliuona wakati huo huo kutoka ofisini. Alikimbilia swichi, akakiliza king'ora kwa nguvu zake zote, akachungulia dirishani. Watu waliokaa kwenye nyasi walimpungia mikono. Akakiliza tena. Mtu mmoja alipiga makofi. Basi alivua viatu, akateremka ngazi, akakatiza uwanja kwa miguu mitupu, khanga ikiburuzika kwenye matope, na kwa sauti iliyozoea kuwaunga mkono wengine kanisani aliimba peke yake mbele ya umati: "Huu si wa kompyuta, jamani! Huu ni wa Modesta!"

Hapo tuliinuka. Wabeba machela walikimbia bila machela. Selemani aliamka amefungwa mikanda, akafanikiwa kusimama, na machela ikamfuata mgongoni kama gamba la kobe, miti yake ikiwagonga watu kila alipogeuka kuuliza kuna nini.

Bartholomeo alikuwa mbele yetu wote. Alifika ukutani penye mtungi wa moto, akanyoosha mkono, akashika msumari. Alikimbilia ukuta wa pili, msumari. Akasimama.

"Mitungi iko wapi?" aliuliza, lile lori la alfajiri limemtoka akilini.

"Tanga, baba," alisema Rahabu, akihema.

"Yote?"

"Yote ilikuwa ya njano."

Akatazama pampu. Pampu ilikuwa gunia zima la skrubu. Mto uko bondeni, na maji ya ndoo za kantini yalikuwa yameishia kwenye makande. Moto ulikuwa umepanda nguzo ya banda na kuanza kulamba paa la kantini, na nyuma ya banda ndiko kuliko na stoo ya chai iliyokauka.

Pembeni pale, mbele ya mlango uliofungwa wa mizani, walisimama wachumaji na matenga yao, majani yamelowa mvua, yanachuruzika. Rahabu aliyaona majani yale. Aliniambia baadaye kwamba hakuwaza lolote la maana. Aliwaza tu kwamba hakuna kitu kingine chenye maji.

"Mwageni kwenye moto," aliwaambia.

Hakuna aliyesogea. Waliokuwa mbele walikumbatia matenga. "Hayajapimwa," alisema mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Salma. Hakuwa mkaidi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya maisha yake, jani lisilopimwa halikuchumwa.

"Mizani ina ovadyuu, mama Salma," alisema Rahabu. "Mwaga. Nitasema mimi kwamba yalijaa."

Bartholomeo hakusubiri. Alilichukua tenga la kwanza kutoka mgongoni mwa mtu, akalibeba kichwani kama mwali, akalimwaga zima juu ya magome. Mvuke ulipanda pwaa. Salma akafuata, halafu wote wakafuata. Walimwaga majani yaliyolowa tenga kwa tenga, wengine tukiyakanyaga na kuyasukuma kwa majembe, na kila moto uliponyanyua kichwa ulifunikwa tena. Modesta naye aliona heri lawama kuliko fedheha, akamwaga sufuria nzima ya makande kwenye nguzo iliyokuwa inawaka. Nguzo ilizimika pale pale. Harufu ya chai iliyopikwa ilijaa bonde lote, na waliokuwa gulioni Mlola wanasema waliisikia, ingawa mimi siamini.

Hakuna aliyeumia. Kantini ilipoteza mabati machache. Majani yale, boila ikiwa baridi, yangeoza tu kwenye vitanda vya kunyaushia, kwa hiyo hata Bwana Timotheo alishindwa kukasirika kwa kadiri alivyotaka. Alikaa kwenye gogo, suti imejaa masizi na maharage, akasema polepole, "Lakini tarehe haikupita." Mkaguzi wa mizani ndipo akafungua mlango, akatuarifu kwamba mizani iko sawa kabisa.

Kesho yake Rahabu alimpigia simu Yassin Tanga. Mimi nilikuwepo ofisini, nimeleta sampuli, na simu zetu enzi hizo zilitaka upaze sauti, hivyo nilisikia pande zote mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile tarehe. Uliniambia kitu kuhusu zile tarehe?"

"Nilikwambia ni za muda. Uzirekebishe. Hukuzirekebisha?"

Rahabu aliuzungusha waya wa simu kidoleni. "Yassin, nikwambie kweli. Mimi kompyuta nilikuwa siijui. Niliwadanganya wale wa gari jeupe."

"Najua, mama. Kipanya ulikuwa unakishika kama pasi."

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi nilikuwa naijua ile programu? Nilipewa kitabu chake kwenye basi, nikakisoma Segera mpaka Mombo."

Walicheka wote wawili, kisha Yassin akavuta kile kitabu na kumwelekeza kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Ilionekana kila chombo kinaweza kupewa siku yake. Tena kuna mahali pa kuchagua kama tarehe ijayo ihesabiwe tangu siku iliyopangwa au tangu siku kipimo kilipofanyika kweli. Asipochagua vizuri, kila kuchelewa kidogo kunaisukuma tarehe mbele, mpaka kipimo cha kiangazi kinajikuta masika. Rahabu aliuliza kila jambo mara mbili, na safari hii hakuona haya.

Siku zilizofuata yeye na Bartholomeo walikaa mbele ya kompyuta wakabishana kama wazazi wanaopanga harusi. Boila iliwekwa Julai, baridi inapokausha shamba na majani ni haba. Mitungi iligawanywa nusu kwa nusu, kusudi ukuta usibaki na misumari mitupu tena. Pampu ikakatazwa kufunguliwa mitungi ikiwa Tanga. King'ora kisilie siku ya gulio, wala Ijumaa mchana watu wakiwa msikitini, wala siku ya mazishi. "Mazishi hayana tarehe," alisema Bartholomeo. "Basi tutatazama siku hiyo," alisema Rahabu, na hilo hawakulipatia kisanduku. Kwenye kile kisanduku cha sababu, aliandika kwa kila chombo maneno yale yale: palitokea moto. Dar hawakuuliza chochote, ila sifa za kutokuwa na doa zilikwenda kiwanda kingine, na Bwana Timotheo akaishusha ile fremu mwenyewe.

Julai, kulipopoa hadi pumzi zinaonekana, waliifungua boila bila haraka. Ile Aprili kazi ilikuwa imekatizwa na moto, na kwenye pilikapilika hakuna aliyeirudia. Bartholomeo alitoa valvu ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe mvuke ukizidi, akaijaribu kwa mkono. Haikusogea. Akaigonga. Akaitia mafuta, akaigonga tena. Ilikuwa imeshikana kwa kutu na chokaa ikawa kipande kimoja cha chuma, na haikujulikana kwa miaka mingapi tumefanya kazi chini yake, tukiimba.

Aliifunga kwenye kitambaa, akapanda nayo ofisini, akaiweka mezani kwa Rahabu kando ya kompyuta. Rahabu aliitazama, akajaribu kuisukuma kwa kidole gumba, akaelewa. Alimvutia mzee kiti. Alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, na mzee akainywa yote.

"Mama Elisante," alisema mwishowe, akimwita kwa jina la mwanawe, "mwakani usingoje iwe ya njano. Nikumbushe mapema."

"Nitakukumbusha, baba."

Alifanya hivyo mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka mzee alipostaafu na kurudi Mahenge na mkewe. Rahabu yupo bado, mashine imebadilishwa mara mbili, na kijana akija kuomba kazi ofisini na kusema anafahamu kila kitu, yeye ndiye anayemfundisha.